Bojole, Mutura na Ufunguo wa Stoo

Siku yangu ya kwanza kazini nililaza chupa sita za divai kitandani, nikaziwekea mto, nikafunga mlango polepole nisizisumbue. Msicheke bado. Niliagizwa.

Ilikuwa klabu ya wakulima wa kahawa upande wa Ruiru, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka kwetu Maragoli na barua ya mwalimu wangu iliyosema kwamba Zakayo anajua kusoma, ni msafi na hana maneno mengi. Hilo la mwisho halikuwa kweli, lakini mwalimu alinipenda. Bwana Katibu wa klabu, kapteni mstaafu ambaye mguu wake mmoja haukukunjika, alinipa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu. Kisha akaniagiza kwa Kiswahili chao kile tulichokiita kisetla.

"Boi, hii mvinyo nyekundu iko taka chumba. Saa nne peleka yeye chumba. Saa saba chakula. Sikia?"

"Ndiyo, Bwana."

Nilisikia kwamba divai inataka chumba. Klabu ilikuwa na vyumba vitano vya wageni, na namba tatu kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa vizuri. Saa saba ilipofika, watu wameketi mezani, divai haionekani. Wakatafuta kabatini, wakatafuta chini ya meza, mwisho Bwana Katibu akaniuliza. Nikampeleka namba tatu. Alipoona vile vichwa sita vimelala kwenye mto mmoja, aliketi kwenye ukingo wa kitanda na ule mguu wake ameunyoosha, akacheka mpaka akatoa leso.

Alichotaka kusema ni hivi. Divai nyekundu huhifadhiwa stoo, mahali penye baridi na giza. Kabla ya chakula hutolewa mapema ikae katika chumba cha kulia, ipate joto la chumba kile. Wafaransa wana neno lao moja la kusema jambo hilo lote, nalo limetokana na chumba. Bwana Katibu alilitafsiri kadiri ya uwezo wake, nami nikalitekeleza kadiri ya wangu.

Kwa miezi mingi wakulima waliniita Chumba. "Chumba, lete soda!" "Chumba, umelala wapi leo?" Watu hudai kwamba utani wa namna hiyo hauumi. Uliniuma sana. Nilijiambia kwamba nitaijua divai kuliko hao wanaoinywa, hata ikinichukua miaka kumi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kunyoosha mgongo. Glasi ya divai hushikwa mguuni, haishikwi tumboni, kwa sababu vidole huacha alama na tena huipasha divai joto. Chupa haitikiswi. Kizibo kikishatoka hunuswa, na kikinuka kama gunia lililonyeshewa, divai hiyo imeharibika, hata kama chupa ina picha ya jumba la kifalme. Haya niliyapata kwa kuchungulia, maana hakuna aliyefikiri kwamba mwenye kubeba sinia anahitaji kuelezwa.

Kitu kilichonifaa kuliko vyote kwenye klabu ile hakikuhusu divai hata kidogo. Kila Alhamisi asubuhi, katika chumba cha pembeni, walionja kahawa. Vikombe vilipangwa mezani kwa mstari. Mwonjaji huchota kijiko kimoja, hukifyonza kwa kelele ambayo mama yangu angenipiga kofi kwa kuipiga, huzungusha kahawa mdomoni, kisha huitema kwenye debe la bati. Mimi ndiye nilikuwa mshika debe. Watu wale hawakumeza hata tone, na bado walijua kama kahawa ilikaa sana kwenye tangi la maji au ilianikwa vibaya. Nililishika debe lile Alhamisi zisizohesabika kabla sijaelewa lilikuwa linanifundisha nini.

Baadaye nilihamia Thika, kwenye hoteli iliyokuwa karibu na mto Chania. Ningependa kuwaambia kwamba niliitwa kwa ustadi wangu, lakini ingekuwa uongo. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Wafanyakazi Wakikuyu walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kupelekwa vizuizini au kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, na sisi tuliotoka magharibi tuliletwa kujaza nafasi zao. Nilivaa kanzu iliyokuwa na jina la mtu mwingine limeshonwa kwenye ukosi. Sikuwahi kukutana naye. Jina hilo sikulifumua.

Mkikuyu mmoja aliyebakishwa alikuwa mpishi mkuu, Karanja, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuoka keki anayoipenda Mama Meneja. Karanja alihitaji pasi, karatasi ya ruhusa, kutoka Kamenu, mtaa tulikoishi wafanyakazi, hadi jikoni, mwendo ambao mtu anaumaliza kabla chai haijapoa. Alikuwa mtu wa mdomo mkali na moyo mwepesi, nasi tulishikana mapema.

Mama Meneja alikuwa mjane, Mwingereza, mrefu, mwenye haki kwa kila mtu na asiye na tabasamu kwa yeyote. Chini yake alikuwa Stoo-kipa, Mgoa mwenye nywele za mvi zilizopakwa mafuta, ambaye ufunguo wa stoo ya divai ulining'inia mkandani mwake. Mwenye ufunguo ule habebi sahani. Humwendea mgeni mezani, humwuliza atakula nini, kisha humwambia ni divai gani itafaa, na mgeni hutii. Juu ya hayo hupewa nyumba ya mawe ya vyumba viwili nyuma ya hoteli. Mimi na mke wangu Rasoa na mtoto wetu Jeni tulikuwa tukiishi Kamenu katika chumba kimoja na familia nyingine, katikati pazia. Stoo-kipa alikuwa anarudi kwao Goa mwisho wa mwaka. Nilitaka ufunguo ule. Niliutaka kwa ajili ya nyumba, na niliutaka kwa sababu ya lile jina la Chumba.

Nilipomwambia Mama Meneja, aliweka kalamu chini.

"Mtu hapana kunywa mvinyo, nawezaje jua mvinyo?"

"Naweza kujifunza, Memsahib."

"Wewe hapana ruhusa kunywa. Basi, kwisha. Mimi taleta mtu ya Nairobi."

Hakutunga hilo. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa pombe za chupa za Kizungu, na hata sheria ilipoanza kulegea, hoteli ziliendelea na sheria zao. Upande wangu mwingine palikuwa na kanisa letu, ambalo halikutaka Mkristo aguse pombe ya aina yoyote, na nilikuwa nimeapa mbele ya wazee kwa mdomo wangu huu. Huku serikali, huku Mungu, mimi katikati na sinia.

Ndipo nikalikumbuka debe.

Nilimwuliza Stoo-kipa kama naweza kuonja mabaki yanayorudi kwenye chupa, nionje na kutema. "Ukimeza hata kidogo, mimi na wewe hatujuani," akasema. Tangu siku hiyo, kila baada ya chakula cha mchana, tulisimama stoo na kijiko na ndoo ya maji machafu. Nilifyonza, nilizungusha, nilitema. Jioni Rasoa alinisubiri mlangoni.

"Baba Jeni, fungua mdomo ninuse."

"Nimeonja tu. Sikumeza."

"Wazee wakikuuliza utawaambia hivyo?"

"Nitawaambia hivyo hivyo."

Alinusa, akaguna, akanipa mswaki. Kwa miezi sita nilipiga mswaki kabla ya ugali kila siku iliyokuja, na kama mnaniona leo na meno yangu yote, mshukuruni Rasoa.

Stoo-kipa alinifundisha kwa chakula kuliko kwa majina. Divai nyekundu nyingi zina ukakasi, ule ule unaokaza ulimi ukila ndizi mbichi. Ukakasi mwingi unataka nyama nzito, ng'ombe au kondoo wa kuoka. Lakini palikuwa na divai moja aliyoipenda yeye mwenyewe, ambayo wageni waliidharau kwa kuwa haikuwa ya fahari. Hutoka vilimani, kaskazini ya mji mmoja wa Ufaransa unaojulikana kwa walaji wake, na jina lake tulilitamka Bojole. Rangi yake ni nyepesi, ukakasi wake kidogo, na uchachu wake unachangamsha mate. "Hii ni ya watu wanaofanya kazi," aliniambia. "Kuku wa kuchoma, maini, nguruwe, jibini. Na soseji. Zaidi soseji, zile zenye mafuta na damu na pilipili. Mafuta yanapakaa ulimi, Bojole inaufuta." Yeye mwenyewe alikula soseji za kwao nyekundu zilizofungwa kwa uzi, nami nilizinusa nikawaza kitu ambacho sikukisema.

Kitu cha pili niligundua peke yangu, na bado najivunia. Chupa ya Bojole iliyotoka mezani ilikuwa inanuka spiriti tu, nzito na ya kuchosha. Chupa ile ile, ikikaa kidogo kwenye sakafu ya mawe ya stoo, ilinuka zambarau na forosadi, na stroberi walizopanda Wazungu. Nilirudia mara nyingi nikidhani pua inanidanganya. Kisha nikaelewa, nikaketi juu ya kreti. Joto la chumba! Hao wazee wa Kifaransa waliotunga neno lao walikuwa na vyumba vya mawe, baridi ya kuvaa sweta. Chumba cha kulia cha Thika saa saba mchana, mabati juu na jua la Februari, siyo chumba walichokuwa wanakisema. Wakubwa wangu wote, kuanzia Bwana Katibu, walikuwa wanailaza divai mahali pasipofaa, na hakuna aliyewacheka.

Nikamweleza Stoo-kipa. Akasema alijua tangu zamani. "Mbona hukumwambia Memsahib?" Akapandisha mabega. "Nina watoto wanne."

Basi ikafika Jumapili niliyokusudia kuwasimulia. Mnunuzi wa kahawa, Mfaransa, alikuwa anakuja kula chakula cha mchana na wakulima watano, na Mama Meneja alikuwa ameagiza ng'ombe wa kuoka kutoka Nairobi. Stoo-kipa alikuwa amelala na malaria, kwa hivyo ufunguo ulikuwa kwangu kwa siku moja tu. Saa tano ikaja habari kwamba lori la nyama limezuiwa na askari njiani, na nyama imerudishwa. Jikoni palikuwa na mayai, kabeji, viazi na mahindi ya kuponda irio, na mbuzi mmoja wa Karanja aliyechinjwa alfajiri kwa ubatizo wa mtoto wake. Mutura wake, utumbo uliojazwa nyama iliyokatwakatwa, damu, dhania na pilipili, ulikuwa umeshachemshwa, umelala kwenye sufuria kubwa ukisubiri makaa.

Mama Meneja alisimama jikoni, uso umemwiva. "Nitapa wao nini? Mayai?"

Nilijua nikinyamaza, hakuna atakayenilaumu. Nilijua pia nikisema na mambo yaharibike, siyo ufunguo tu utakaonipita, hata kanzu nitaivua.

"Memsahib, wape mutura. Na mbuzi wa kuchoma, na irio. Divai iwe Bojole."

Karanja aliangusha mwiko. "Haiya! Zakayo! Mzungu akule mutura? Unataka tufungwe sisi wote? Mimi pasi yangu inaisha Ijumaa!"

"Wafaransa wana soseji ya damu. Stoo-kipa aliniambia. Hii ni hiyo hiyo."

"Hii si hiyo hiyo. Hii ni ya mama yangu."

"Karanja, utanipa au hutanipa?"

Alinitazama, akatazama sufuria, akasema jambo kwa Kikuyu ambalo nadhani lilikuwa sala. "Nitakupa. Lakini mtoto wangu akibatizwa na kabeji, wewe ndio utaeleza father."

Mama Meneja hakuwa na njia nyingine. "Haya. Basi weka mvinyo chumba, saa hii."

"Hapana, Memsahib."

Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Nikasikia maji yakichemka.

"Chumba iko moto sana. Divai itakufa. Nataka kuiweka kwenye mfereji."

"Mvinyo nyekundu ndani ya maji? Wewe nawaza wazimu?"

"Memsahib, ikiharibika, Jumatatu nitarudi Maragoli mwenyewe."

Aliangalia saa yake. Magari yalikuwa yameanza kuingia. "Basi Jumatatu," akasema, akatoka.

Nilifunga chupa nne kwenye gunia lililolowa, nikaziteremsha kwenye mfereji uliopita chini ya miti, nikaketi kando yake kwa nusu saa nikiomba. Niliomba kwa sauti. Sijui kama ni halali kuombea pombe, na wazee wa kanisa sijawahi kuwauliza.

Mezani, wakulima waliangalia mutura kama watu waliowekewa nyoka. Mfaransa alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene. Alikata kipande, akatafuna. Nikammiminia kidogo. Akainua glasi, akaigusa kwa kiganja, akashtuka kwa ubaridi wake, akanikazia macho. Kisha akafyonza kwa kelele, zile kelele za Alhamisi. Alikuwa ameishi Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Nani aliweka hii mu baridi?"

Mama Meneja alikuwa nyuma yangu. Ningeweza kusema ni Stoo-kipa.

"Ni mimi, Bwana."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Bwana. Nilionja."

Meza nzima iligeuka. Nilikuwa nimekiri kosa mbele ya watu saba. Mfaransa akavuta glasi tupu, akaijaza robo, akaisukuma mbele yangu. "Onja tena. Uniambie."

Nilimtazama Mama Meneja. Hakutikisa kichwa wala kukubali. Aliangalia mikono yangu tu. Basi nikaishika glasi mguuni, nikanusa, nikafyonza, nikaizungusha mpaka kwenye fizi. Kisha nikainama nikaitema ndani ya ndoo ya barafu.

Mkulima mmoja akasema neno la Kiingereza lisiloandikika. Mwingine akasukuma kiti nyuma. Nilidhani nimekwisha. Ila Mfaransa alikuwa amepiga meza kwa kiganja, anacheka kwa furaha, machozi yanamlenga. "Mnaona? Huyu ni mwonjaji! Mimi natema kila siku, asubuhi mpaka magaribi! Sema, sema!"

"Ni nzuri, Bwana. Inafaa mutura kwa sababu inakata mafuta. Lakini ilitoka majini mapema. Chupa iliyobaki mferejini itakuwa nzuri zaidi."

"Lete hiyo."

Nikaileta, na ilikuwa nzuri zaidi. Walimaliza mutura wote, na mkulima yule wa kiti akaomba uongezwe, ukawa haupo. Karanja alikuwa nyuma ya mlango, kofia mkononi, analia na kucheka. Mtoto alibatizwa kwa kuku saba ambao Mama Meneja aliwatoa bandani kwake bila kuulizwa, na pasi ya Karanja ilipata sahihi yake kabla ya Ijumaa.

Mwisho wa mwaka Stoo-kipa aliufungua ufunguo mkandani akaniwekea mkononi. Mama Meneja alisema neno moja tu: "Usipoteza." Rasoa alipoingia kwenye nyumba ya mawe alitembea kutoka chumba cha kwanza hadi cha pili, akarudi, akaenda tena, Jeni akimfuata nyuma. Wazee wa kanisa walinihoji, nikawaambia ukweli wote, hata sala ya mfereji. Mmoja alitaka nitengwe. Mwingine akauliza kama nimemeza. Nikasema sijameza. Wakanong'ona muda mrefu, wakaniacha.

Niliishika kazi ile zaidi ya miaka ishirini, na sijameza mpaka leo hii, hapa Ngoingwa, pembeni mwa Thika, ninapoandika. Vijana wa hoteli huja kuniuliza divai gani inaenda na nyama gani, nami huwaambia: angalia mafuta, angalia ukakasi, na uache kuiweka nyekundu karibu na jiko. Majina watakuja kuyajua wenyewe. Kinachonisumbua ni kwamba wengi wao hawathubutu kumwambia mgeni kitu asichotaka kusikia. Ulimi wanao, wanaogopa kuutumia. Siwalaumu sana, najua uzito wake.

Siku ya kustaafu kwangu waliniandalia sherehe kwenye baraza. Wenye hoteli walikuja, wa sasa, Waafrika wenzangu wenye suti. Nafasi yangu walikuwa wanaitaka watu watatu, wawili wao wakiwa jamaa za wakubwa, na wa tatu alikuwa Wambui, aliyehudumu mezani miaka mitano. Nikaomba niruhusiwe kufungua chupa ya mwisho kwa mkono wangu. Nilichagua Bojole iliyosahauliwa pembeni mwa stoo kwa miaka mingi. Divai hiyo haijatengenezwa ili izeeke.

Nilimimina kwa wote. Mkurugenzi akanywa, akasema ni bora. Meneja akasema ana bahati kuonja kitu cha namna hii. Wale jamaa wawili wa wakubwa wakasema ndiyo, wakaomba tena.

Wambui alinusa, akafyonza, akatafuta ndoo kwa macho. Hakuiona, akatema kwenye chungu cha maua.

"Mzee, nisamehe," akasema. "Hii imekuwa siki."

Nikauvua ufunguo mkandani, nikampa.